Mimea ya Njozi: Tiba ya Roho au Sumu ya Vijana?

Miongoni mwa mambo ambayo sisi walimu huyazungumza kwa sauti ya chini katika chumba cha walimu ni suala la mimea inayobadili fahamu za binadamu. Tunapolazimika kulitaja mbele ya wanafunzi, aghalabu tunalitaja kwa amri: usiguse, usivute, usitafune. Amri hiyo ina haki yake. Hata hivyo, nimetambua kwamba wanafunzi wetu wa Ruiru na Thika wana swali ambalo amri pekee haitoshi kulijibu. Wamesikia kwamba ng'ambo wako madaktari wanaojaribu kuwatibu wagonjwa wa huzuni kwa kiini cha uyoga. Wamesikia pia kwamba katika misitu ya Amerika ya Kusini watu hunywa dawa iliyochemshwa kutokana na mmea utambaao, wakaona njozi, na kwamba matajiri hulipa fedha nyingi kuzifuata njozi hizo. Basi wanauliza: ikiwa mmea ni tiba ya roho kwa Mmarekani, mbona uwe uhalifu kwa kijana wa Kiandutu au wa Githurai?

Swali hilo ni zuri, na mwalimu anayelikwepa humwachia mwuza bangi kazi ya kulijibu. Nitautaja msimamo wangu tangu awali. Mimea ya aina hii haiponyi roho ya mtu ikiwa peke yake. Pale ambapo imewafaa watu, ilikuwa mikononi mwa mlezi mwenye ujuzi, ikatolewa kwa wakati maalumu, kwa mtu aliyeandaliwa, mbele ya jamii iliyomngojea arudi. Jani likiondolewa katika utaratibu huo na kuuzwa rejareja kando ya barabara, linabaki kuwa kemia tu, na kemia haina huruma.

Tuanze hapa nyumbani. Msomaji anayepita Ruiru kwa kasi, macho yake yakiwa kwenye maghorofa, huenda asikumbuke kwamba mji huo umeipa dunia jina la kahawa. Aina iitwayo Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapo, ili kustahimili chulebuni, ule ugonjwa unaooza buni zingali changa mtini. Lakini kahawa yenyewe ni nini? Ni mmea unaobadili fahamu. Tumeuzoea mno hata tukasahau.

Katika karne ya 15, masufi wa Yemeni walikunywa kahawa usiku ili waweze kukesha katika dhikri. Waganda, kwa upande wao, walitumia buni mbili za tunda moja katika kufunga udugu wa kuchanjiana, nao Wahaya wa Bukoba hadi leo hutafuna buni na kumkaribishia mgeni kama ishara ya heshima. Kinywaji hicho pia kiliwahi kuogopwa. Mwaka 1511, mtawala wa Makka aliyeitwa Khair Beg aliipiga kahawa marufuku, akihofu mikusanyiko ya wanywaji wake, na baadaye marufuku hiyo ikaondolewa na wakubwa wake wa Kairo.

Nachota mafunzo mawili katika kisa hiki. La kwanza, si kila mmea unaogusa akili ya mtu ni wa shetani. La pili, ambalo vijana hawapendi kulisikia, utukufu wa zamani wa mmea haumfuati kila anayeutumia. Mwanafunzi anayebugia vikombe sita vya kahawa usiku wa kuamkia mtihani hafanyi dhikri. Anajinyima usingizi, basi.

Mfano wa pili ni wa Wagikuyu wenyewe, nao unauma zaidi. Muratina ni pombe iliyotengenezwa kwa asali au maji ya miwa, ikachachushwa kwa tunda lililokaushwa la mti ambao Waswahili huuita mwegea. Muratina haileti njozi. Ni kileo kama vileo vingine. Lakini utaratibu wake ndio ninaotaka tuutazame. Ilikuwa pombe ya wazee. Ilinywewa katika ruracio na katika shughuli za kusuluhisha ugomvi, na kabla haijanywewa, nyingine ilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Kijana hakuionja kwa hiari yake. Alisubiri umri na majukumu yamfikishe pale. Mzee Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza kwa mapana dini ya Wagikuyu, ibada za chini ya mugumo na kazi ya mundu mugo, yaani mganga na mwaguzi aliyeitwa na Ngai na kutawazwa mbele ya watu. Utaona kwamba kileo, mti na mganga vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kamba moja ya wajibu.

Hapa Thika palikuwa na mugumo mashuhuri. Husimuliwa kwamba mwaguzi Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa mti huo utakapoanguka, utawala wa mgeni nao utaanguka, na kwamba Waingereza, kwa kuiogopa kauli hiyo, walijaribu kuuimarisha usianguke. Mti ukaanguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Tuliufurahia uhuru, na ilikuwa haki tuufurahie. Lakini ule utaratibu uliokuwa ukikaa chini ya miti kama ule nao ulianguka polepole, na hatukupanda mwingine mahali pake.

Kileo kilichopoteza wazee wake kilipata wafanyabiashara. Mwezi Mei mwaka 2014, makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwemo, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwezi Februari mwaka 2024, huko Kirinyaga, zaidi ya watu kumi walikufa kwa namna hiyo hiyo. Mkono ulioitoa pombe ndio uliobadilika. Mzee aliyeimwaga chini kwa ajili ya wafu wake asingeweza kuitia sumu, kwa maana angekuwa anajitia sumu yeye na kizazi chake.

Sasa tuvuke mipaka, kwani wanafunzi wetu hutaja sana mambo ya ng'ambo. Katika mji wa milimani uitwao Huautla de Jiménez, nchini Meksiko, aliishi mganga mwanamke wa Kimazateki aliyeitwa María Sabina. Alitumia uyoga wa njozi katika ibada za usiku, kwa sala na nyimbo, ili kutambua maradhi ya watu na kuyatibu. Mwaka 1955 alimruhusu Mmarekani mmoja, Gordon Wasson, aliyekuwa mtu wa benki, kuhudhuria ibada hiyo. Mwaka 1957 Wasson aliandika habari zake katika jarida la Life, na miaka michache baadaye vijana wa mataifa tajiri wakamiminika huko wakitafuta uyoga. María Sabina alisumbuliwa na askari, nyumba yake ikachomwa, na majirani wakamlaumu kwa kuwaletea balaa. Mwenyewe alieleza kwamba kabla ya wageni wale, uyoga uliliwa ili wagonjwa wapone, na kwamba baada yao nguvu yake ilipungua. Alifariki mwaka 1985 akiwa maskini. Wageni walichukua uyoga, wakamwacha mlezi wake majivuni.

Katika bara letu, Gabon wanayo iboga, mzizi unaotumiwa katika dini ya Bwiti. Anayeingizwa katika dini hiyo hula maganda ya mzizi huo na kupitia usiku mrefu wa njozi. Hapitii usiku huo peke yake. Wako wazazi wake wa kiroho wanaomlinda, uko muziki unaomwongoza, iko jamii nzima inayokesha naye. Tahadhari hiyo ina sababu, maana kiini cha iboga kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na wako watu waliokufa kwa kukitumia. Wenye mzizi wao wanauheshimu kama mtu anavyouheshimu mto uliofurika.

Na sayansi je? Hapa ndipo wanafunzi hunijia wakiwa na hakika ya kunishinda. Mwaka 2006, Profesa Roland Griffiths na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 36 wenye afya nzuri, ambao walikuwa hawajawahi kutumia vitu vya namna hiyo. Walipewa silosibini, kile kiini cha uyoga wa njozi. Miezi miwili baadaye, takriban theluthi mbili yao walisema kwamba siku ile ilikuwa miongoni mwa siku tano zenye maana kubwa zaidi ya kiroho maishani mwao. Matokeo hayo ni makubwa, na sina haja ya kuyaficha.

Lakini soma hadi mwisho, ewe mwanafunzi. Katika jaribio lilo hilo, takriban theluthi moja ya watu walipatwa na hofu kali wakati dawa ilipokuwa ikifanya kazi. Hakuna aliyejidhuru. Kwa nini? Kwa sababu walichunguzwa afya zao kabla, na wenye historia ya wazimu katika familia hawakukubaliwa. Walikutana na waangalizi wao kwa saa nyingi kabla ya siku yenyewe. Kipimo cha dawa kilijulikana. Walikaa katika chumba tulivu na waangalizi waliofunzwa hawakuondoka. Kisha walirudi kuzungumza juu ya yale waliyoyaona. Mtazame mwanasayansi huyu! Baada ya kupima kila kitu kwa mizani yake, amerudia yale yale ya kule milimani Meksiko na kule Gabon: mlezi, maandalizi, mahali, wakati, na watu wa kumpokea anayerudi.

Serikali zinazofungua mlango huo nazo zinaufungua kidogo kidogo. Australia iliruhusu, kuanzia tarehe 1 Julai 2023, madaktari wa akili walioidhinishwa waitumie silosibini kwa wagonjwa wa sonona iliyoshindwa na dawa nyingine. Marekani, mwezi Agosti mwaka 2024, mamlaka ya dawa ilikataa kuidhinisha dawa nyingine ya jamii hiyo, MDMA, ikidai ushahidi zaidi. Wenye maabara wanasitasita. Itakuwaje mwuzaji wa kituo cha matatu asisite?

Tuyalinganishe haya na hali ya mitaani kwetu. Kijana wa Ruiru hapati uyoga wa maabara. Anapata bangi isiyojulikana nguvu yake, muguka wa kutafuna kutwa nzima, na wakati mwingine, kwa ushawishi wa wenzake, mbegu za mnanaha zinazoota jalalani bila kupandwa. Bangi huongeza hatari ya kurukwa na akili, hasa kwa anayeianza akiwa mdogo na kwa aliye na ugonjwa huo katika ukoo. Muguka humnyima mtu usingizi na hamu ya chakula, kisha humwacha mnyonge. Mnanaha ni hatari kuliko yote. Sumu zake, atropini na skopolamini, hukausha kinywa, huukimbiza moyo, na humtia mtu weweseko asilolikumbuka kesho yake. Hizo haziitwi njozi za kiroho. Huo ni ubongo uliotiwa sumu, na wapo wanaouaga ulimwengu kwa sumu hiyo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1994 inaikataza bangi, na mwaka 2021 jumuiya ya Rastafari nchini iliiendea Mahakama Kuu kuomba waumini wake waruhusiwe kuitumia katika ibada. Miaka miwili kabla, mwaka 2019, mahakama iyo hiyo ilikuwa imetambua kwamba Urastafari ni dini, na kwamba msichana wa shule hangefukuzwa kwa sababu ya nywele zake. Siwabezi watu hawa. Lakini hoja yao ni hoja ya ibada. Kijana anayevuta msokoto nyuma ya choo cha shule asijifunike kwa joho lao.

Je, basi tumalizie hapo, tuchukue kiboko na sheria, tufunge mjadala? La hasha. Wakati mmoja nilikuwa nikifunza katika shule ya kutwa kati ya Juja na Ruiru. Mvulana wa kidato cha tatu alipatikana na misokoto miwili ya bangi. Kikao cha walimu hakikuchukua robo saa. Akaandikiwa barua ya kwenda nyumbani majuma matatu. Nilimsindikiza hadi langoni. Nilipomuuliza kwa nini, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, tangu mama afariki silali. Nikivuta, naona kama yuko karibu."

Msomaji wangu, tafakari jibu hilo. Mtoto yule alikuwa na kiu ambayo mababu zetu wangeitambua mara moja: kiu ya kuzungumza na aliyekufa. Wangemwita mzee, wangemwaga tone chini, wangelia pamoja naye, na maisha yangeendelea. Sisi tulimpa barua. Majuma matatu hayo aliyamaliza akiwa peke yake katika chumba cha kupanga, baba yake akiwa kazini, na bangi ikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Hakurudi shuleni.

Hatukosi njia za kuituliza kiu hiyo bila jani lolote. Jumapili, katika mitaa ya Thika na Ruiru, utawasikia Waakurinu, na vilemba vyao vyeupe, wakipiga ngoma na kuimba hadi jasho liwatiririke. Watu hawa hawagusi pombe wala tumbaku. Mababa wa imani yao walijificha misituni kusali, na mwaka 1934 polisi wa mkoloni waliwaua baadhi yao katika msitu wa Ndarugu. Kule pwani, ngoma ya pepo na ubani vimekuwa vikiwatuliza wenye dhiki tangu enzi. Pumzi, wimbo, saumu, mkesha na machozi ya pamoja ni dawa za kale, na hakuna askari anayeweza kumkamata mtu kwa kuwa nazo.

Hapa nitapingwa, na nitapingwa kwa haki. Mlezi mwenyewe akiwa mwovu je? Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kilichochemshwa kwa mizizi ya mugariga, kwa shilingi 500 za Tanzania. Wako waliofia foleni, na wako walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamepona. Mwaka 2023 tulizika akili zetu pale Shakahola, ambapo zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Huko hakukuwa na jani hata moja, neno la mhubiri lilitosha. Nakubali. Ndiyo maana nasema mlezi naye lazima awe na wa kumwuliza. Mundu mugo alitawazwa hadharani, na jamii ilimjua. Mwangalizi wa maabara huchunguzwa na kamati. Anayekuambia ufiche yale anayokupa, au uache dawa ya daktari, au usiwaambie wazazi wako, huyo amejitangaza mwenyewe kuwa si mlezi.

Tufanye nini basi? Kwanza, walimu wenzangu wa baiolojia na kemia, tuwafunze wanafunzi ukweli wote. Tuwaambie kafeini ni nini, kathinoni ya muguka ni nini, mnanaha unaua vipi, na uyoga wa maabara umejaribiwa namna gani. Kijana akikukamata ukidanganya juu ya jambo moja, hatakuamini katika mia.

Pili, ushauri nasaha usiwe jina la mwalimu lililoandikwa ubaoni. Jopo la kitaifa lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Ikiwa ni janga, basi kila shule itenge saa na chumba, na mwanafunzi aliyefiwa atafutwe kabla hajatafuta msokoto. Kumfukuza mtoto mwenye uraibu ni kumkabidhi kwa mwuzaji.

Tatu, mitishamba yetu ichunguzwe na Wakenya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya kienyeji, na taasisi ya KEMRI ina kituo cha kuitafiti. Wanafunzi wenye hamu ya siri za mimea waelekezwe huko, wakawe wataalamu wa mimea. Pengine mmoja wao atawapata wazee wa mwisho wanaojua majina na kazi za miti ya Gatanga na Kilimambogo, ajue waliitumia lini, kwa nani, na kwa masharti gani. Masharti hayo ni sehemu ya dawa.

Na wewe mwanafunzi, nikujibu lile swali lako la Mmarekani na kijana wa Kiandutu. Tofauti yao haiko katika rangi wala katika mmea. Mmarekani yule wa jaribio aliulizwa kwanza: unaumwa na nini, umelala vipi, nani atakusubiri utakapotoka? Kijana wa Kiandutu haulizwi na mtu. Mwenye jani anamuuliza tu kama ana shilingi hamsini. Ukiona moyo wako umeanza kulitafuta jani, mtafute kwanza mtu wa kukuuliza yale maswali matatu. Nasi walimu, wazazi na wazee tuwe tayari kuyauliza, tena mapema, kwani anayewahi kuuliza ndiye atakayemlea mtoto huyo.